Nani Amsubiri Mwenzake?

Tarehe 14 Agosti 2021 Debian walitoa toleo lao la 11, bullseye. Siku 24 baadaye, tarehe 7 Septemba, OpenSSL 3.0 ikatoka baada ya miaka 3 ya kuandikwa. Ikawa imechelewa. Debian 11 ikabaki na OpenSSL 1.1.1, ambayo watunzi wake walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba wataacha kuihudumia tarehe 11 Septemba 2023. Debian 11 yenyewe ilikuwa na ahadi ya viraka vya usalama hadi Agosti 2024, kisha kikundi kingine kikaipokea hadi Agosti 2026. Hesabu hiyo inaacha karibu miaka 3 ambayo maktaba inayosimba mawasiliano ya mashine hizo inalelewa na walioifungasha, si walioiandika.

Mtu wa nje atauliza: hawa watu hawaongei? Siku 24 tu!

Wanaongea, tena sana. Tatizo ni kwamba kila upande una kalenda yake, na kila kalenda ina sababu zake. Maktaba, kwa wanaoandika programu, ni msimbo ulioandikwa mara moja ili programu nyingine ziutumie badala ya kila mmoja kuanza upya: kusimba mawasiliano, kubana mafaili, kuchora madirisha kwenye skrini. Distro, kama Debian, Ubuntu au Fedora, hukusanya maelfu ya maktaba na programu hizo, huzifungasha, huzijaribu pamoja, kisha huzitoa kama mfumo mmoja unaosimama kwenye kompyuta yako. Miezi kadhaa kabla ya kutoa, distro hufunga milango: vipya haviingii tena, kinachofanyika ni kurekebisha kasoro. Nani basi ajipange kwa ajili ya mwenzake?

Nimewaketisha watu watatu ili walijadili swali hilo. Ni wa kubuni, lakini hoja zao si za kubuni. Mtunzi ni kijana anayeandika maktaba. Mfungashaji ni mtu mzima, amejitolea Debian miaka mingi. Msimamizi ni dada anayelinda seva za taasisi moja Dar es Salaam. Hajaandika maktaba wala hajafungasha kitu, ila kitu kikifa usiku simu inalia kwake.

MTUNZI: Niseme mapema, shitaka nalikataa. Kila mara naambiwa nipange matoleo yangu yaendane na distro. Distro ipi? Fedora na Ubuntu hutoa Aprili na Oktoba. Debian ni kila baada ya miaka 2 hivi. Red Hat miaka 3. Arch hawana toleo kabisa, kwao kila siku ni sasisho. Nikimridhisha mmoja, watatu watanuna. Mimi kazi yangu ni kutoa kitu kikishaiva.

MFUNGASHAJI: Mdogo wangu, hilo la "kikishaiva" sisi tulilishika kabla yako, na lilitutoa jasho. Toleo letu la Debian liitwalo woody tulilitoa tarehe 19 Julai 2002. Iliyofuata, sarge, ikatoka tarehe 6 Juni 2005. Karibu miaka 3 tunasema bado, bado kidogo. Kila tukikaribia, maktaba fulani inakuwa imetoa toleo jipya zuri, mtu anasema tuichukue hii tu, tukiichukua inavunja nyingine ishirini, tunaanza tena. Na katikati ya kusuasua kwetu, Oktoba 2004, yule Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, aliyekuwa amekwisha kwenda anga za juu na kurudi, akatoa Ubuntu ya kwanza. Aliiita 4.10: mwaka 2004, mwezi wa 10. Unaona ujanja? Namba ya toleo ni tarehe. Alichukua kazi yetu wenyewe, akaiwekea kalenda.

MTUNZI: Na kalenda hiyo aliitoa kwa nani? Kwa watunzi. GNOME, wanaotengeneza madirisha na mwonekano wa skrini, walikuwa wameshazoea kutoa kila miezi 6, na hadi leo ni Machi na Septemba. Ubuntu wakajipanga mwezi mmoja nyuma yao. Kwa hiyo, mzee wangu, hata hapo distro ndiyo iliyomfuata mtunzi.

MFUNGASHAJI: Hapo umenikamata, sibishi. Hata glibc, maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea, hutoa Februari na Agosti, na wote tunajua. Mtu wa Ubuntu anajua kabisa kwamba glibc ya mwanzoni mwa mwaka ina wiki kumi na kitu za kujaribiwa kabla ya Aprili. Lakini faida ya tarehe haiko pale ambapo watu wengi wanaiona. Faida ni kama ya basi la mkoani linaloondoka kila siku saa 12 asubuhi: mzigo uliochelewa unapanda la kesho, na hakuna anayegombana, kwa sababu la kesho lipo. Wakati wa sarge hakuna aliyejua la kesho ni lini. Ndiyo maana kila mtu alitaka mzigo wake upande leo.

MSIMAMIZI: Samahani, kaka, hilo basi lako la kila siku mimi silipandi. Seva za ofisi hazibadilishwi kila miezi 6. Nachukua matoleo ya muda mrefu, yale ya Ubuntu ya kila miaka 2, na wakati mwingine naruka moja. Maktaba ikikosa basi hilo, kwangu inachelewa miaka 2, si miezi 6. Na ikiingia nusunusu, nalala nayo miaka 5.

MTUNZI: Dada, tupe mfano.

MSIMAMIZI: Ubuntu 22.04, Aprili 2022. Ndiyo ya kwanza ya muda mrefu kuja na OpenSSL 3.0. Vizuri, mimi mwenyewe nilifurahi. Tukaipandisha seva kutoka 20.04 usiku wa Ijumaa, watu wakiwa wamelala. Kila kitu kikaamka isipokuwa programu moja tuliyouziwa, ile ya risiti. Ujumbe wake mstari mmoja: faili libssl.so.1.1 halipatikani. Nikaangalia kwenye diski, kuna libssl.so.3, ya 1.1 imeondoka pamoja na mfumo wa zamani. Aliyetuuzia tukampigia, akasema toleo linalojua 3.0 "liko njiani". Ukitafuta dawa unaambiwa nenda kwenye hazina ya 20.04, chukua kifurushi cha libssl1.1, kiweke kwa nguvu. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kuanzia dakika ile hilo faili halina baba. Sasisho likija halitalijua, kwa sababu 22.04 haijui kwamba lipo.

MTUNZI: Uliliweka?

MSIMAMIZI: Niliirudisha seva 20.04. Ikakaa huko mwaka na nusu ikimsubiri huyo aliyekuwa njiani.

MTUNZI: Basi lawama ziende kwake. OpenSSL 3.0 haikushuka ghafla. Toleo la kwanza kabisa la majaribio lilitoka Aprili 2020, miaka 2 kabla ya Ubuntu 22.04. Na ile namba mwishoni mwa jina la faili haikubadilishwa kwa urembo. Inasema: umbo la ndani limebadilika, programu iliyoundwa kwa ajili ya 1.1 isijaribu kuitumia hii, itaanguka. Ni uaminifu huo. Kibaya ni maktaba inayobadilika tumboni na kubaki na namba ileile.

MFUNGASHAJI: Kwa hilo nakuunga mkono kabisa. Sisi hatusomi matangazo yenu ya mbwembwe, tunasoma namba hiyo. Ikibadilika, maana yake kila kifurushi kinachoitegemea kiundwe upya, na vile visivyokubali virekebishwe au vitupwe. Kazi hiyo huchukua miezi. Isipobadilika, tunakunywa chai. Nikupe mfano wa karibuni. Debian 13 tulianza kuifunga tarehe 15 Machi 2025. Kuanzia siku hiyo mabadiliko makubwa ya maktaba hayaruhusiwi. OpenSSL 3.5 ikatoka tarehe 8 Aprili. Tarehe 15 Aprili tukakaza zaidi. Kwa kalenda tu, mtu angesema hii nayo imekosa. Lakini Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti ilikuwa na 3.5 ndani yake, pamoja na usimbaji mpya unaotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Kwa nini? Kwa sababu faili bado ni libssl.so.3. Programu zilizoundwa kwa 3.0 haziulizi kitu.

Hapa nakatiza kidogo, maana mfano huu unabeba zaidi ya alivyousema mzee. Mwaka 2021 kuchelewa siku 24 kulionekana kuinyima Debian maktaba mpya kwa toleo zima. Mwaka 2025 maktaba ilikuja milango imeshaanza kufungwa, ikapita. Kalenda ya OpenSSL ilikuwa imenyooka, ni kweli: tangu 2024 hutoa Aprili na Oktoba bila kukosa. Lakini hata kama 3.0 ingetoka mwezi mmoja kabla ya Debian 11 badala ya karibu mwezi mmoja baadaye, isingeingia. Mabadiliko ya ukubwa ule yalihitaji nusu mwaka na zaidi. Watu wakigombania tarehe, mara nyingi wanagombania ahadi: je, mtunzi anaahidi kutovunja kilichojengwa juu yake? Penye ahadi hiyo, wiki moja inatosha. Isipokuwepo, hata miezi 3 ni michache.

Kalenda zikilingana, mambo yanaweza kukwama vilevile. GNOME 40 ilitoka Machi 2021, mwezi uleule Ubuntu waliouzoea kwa miaka 16. Fedora 34 wakaichukua Aprili. Ubuntu 21.04, iliyotoka Aprili hiyohiyo, ikabaki na GNOME 3.38 ya Septemba iliyopita, kwa sababu mwonekano mpya na maktaba mpya ya GTK 4 vilihitaji muda zaidi. Tarehe zilikuwa sawasawa kabisa.

MTUNZI: Nashukuru umelisema hilo, kwa sababu watu wa distro wakikosa kitu husema mtunzi hana ratiba. Watunzi wa lugha ya Python walisikia kilio hicho mapema. Zamani walikuwa wakitoa kila baada ya mwaka na nusu hivi: 3.6 Desemba 2016, 3.7 Juni 2018, 3.8 Oktoba 2019. Mwezi unaruka tu. Python 3.7 ilitoka miezi 2 baada ya Ubuntu 18.04, kwa hiyo watu wa 18.04 wakakaa na 3.6. Mwaka 2019 wakakubaliana kwenye waraka wao namba 602: kila mwaka, Oktoba. Na kuanzia Mei msimbo unafungwa kwa vipya, unabaki wa kujaribiwa.

MFUNGASHAJI: Na hapo ndipo ninapopapenda. Fedora huanza kuunda vifurushi vyao upya kwa Python ambayo hata bado ni ya majaribio. Wanaona nini kinavunjika, wanarudi kwa watunzi wa Python na wa maktaba nyingine kabla Oktoba haijafika. Python 3.9 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2020, na Fedora 33 ikatoka nayo tarehe 27 mwezi huohuo. Halafu sisi wengine tunakula matunda ya jasho lao. Ubuntu 22.04 ikaja na 3.10 ya Oktoba iliyotangulia, 24.04 na 3.12. Debian 12 na 3.11, Debian 13 na 3.13. Hesabu pengo: miezi 6, miezi 8, miezi 10. Hakuna aliyetoka siku moja na mwenzake, na hakuna aliyelalamika.

MSIMAMIZI: Mimi nalalamika. Python 3.10 watunzi wake wanaiacha Oktoba 2026. Ubuntu 22.04 huduma yake ya kawaida inaisha 2027. Tunarudi palepale.

MFUNGASHAJI: Kweli, ila hiyo ni miezi michache, dada yangu, wala si miaka 3.

MTUNZI: Kuna swali moja nyinyi wa distro mnalikwepa. Kama kalenda ni dawa, kwa nini nyinyi wenyewe kwa wenyewe hamkubaliani? Shuttleworth alilisema hilo wazi mwaka 2008: distro kubwa zikae chini, zikubaliane tarehe, watunzi nao watajua pa kulenga. Mkamjibu nini?

MFUNGASHAJI: Unanichokonoa. Basi nitakwambia. Julai 2009, wakati wa mkutano wetu wa mwaka huko Cáceres, Uhispania, likatoka tangazo: kuanzia sasa Debian itafunga milango kila Desemba ya mwaka wa witiri, na ya kwanza ni Desemba hiihii. Kwa karatasi, jambo zuri. Ingelingana vizuri na toleo la muda mrefu la Ubuntu la Aprili 2010. Lakini toleo letu la lenny tulikuwa tumelitoa Februari mwaka huohuo! Wafungashaji wengi walilisikia kama watu wengine walivyolisikia, baada ya kuamuliwa. Na wengine wakauliza: hii ni ratiba yetu au ya Canonical, kampuni ya Shuttleworth? Haikupita wiki, tarehe ikarudishwa kujadiliwa. Tulikuja kufunga Agosti 2010, na toleo la squeeze likatoka Februari 2011. Wazo halikuwa baya. Baadaye tulianza kutangaza tarehe za kufunga mapema, na ndivyo tunavyofanya hadi leo. Ila watu wanaojitolea huwezi kuwapangia kama wafanyakazi wa zamu. Ukitaka wakufuate, kaa nao kwanza.

MTUNZI: Na mimi ninayejitolea peke yangu, nani anakaa nami? Nitoe Aprili, nilee toleo la zamani miaka 5, nijibu barua za watu wanaotumia kitu nilichokisahau. Mtu ananiandikia kasoro ya toleo la miaka 4 iliyopita. Nilishaliondoa! Halafu nikichunguza, hata si toleo langu. Ni langu na viraka kumi na vitatu vyenu.

MSIMAMIZI: Hivyo viraka vinanisumbua hata mimi. Mnakumbuka tundu la usalama la Heartbleed, Aprili 2014? Watunzi wakaziba tundu kwenye OpenSSL 1.0.1g. Debian 7 wao hawakuchukua g. Walibaki na 1.0.1e, wakashona kiraka ndani yake, wakaipa mkia: 1.0.1e-2+deb7u5. Seva iko salama kabisa. Anakuja mkaguzi na chombo chake kinachosoma namba tu, anaona 1.0.1e, anaandika kwa wino mwekundu: hatari. Unamweleza habari za deb7u5, anakutazama kama unamuuzia mbuzi kwenye gunia. Mwaka wa ngapi huu, na bado tunaeleza.

MFUNGASHAJI: Lakini fikiria njia nyingine. Ningekupa toleo jipya zima kwa ajili ya kuziba tundu moja, pamoja na yote yaliyobadilika humo. Ungeamka asubuhi na programu ya risiti imelala tena.

MSIMAMIZI: Hapo sikubishii. Nataka tundu lizibwe na kingine chochote kisiguswe. Ila muelewe kwamba mnayemlipisha ni mimi.

MFUNGASHAJI: Na sisi pia tunalipa. OpenSSL 1.1.1 imo Debian 11, imo Ubuntu 20.04, imo Red Hat 8 ambayo itahudumiwa hadi 2029. Watunzi walipoondoka Septemba 2023, kila mmoja wetu akabaki anajishonea kiraka chake kwa tundu lilelile. Viraka vya watunzi wenyewe vipo, ila ni kwa wenye mikataba ya kulipia. Siwalaumu, nao wanakula. Lakini kama 3.0 ingewahi kabla milango haijafungwa, mzigo huu ungepungua sana kwa Debian 11.

MSIMAMIZI: Mnapenda tarehe mno nyinyi wawili. Mmesahau 2024?

MTUNZI: Xz.

MSIMAMIZI: Enhe. Hebu tuizungumze vizuri, maana watu huisimulia kama hadithi ya jasusi na kuacha habari ya kalenda. Xz ni ya kubana mafaili, na ndani yake kuna maktaba ya liblzma. Mtunzi wake alikuwa mmoja, amechoka. Akaja mtu anayejiita Jia Tan, akasaidia miaka miwili na zaidi, akaaminiwa, akakabidhiwa ufunguo. Februari 2024 akatoa 5.6.0, Machi 5.6.1, na ndani yake kuna mlango wa nyuma uliofichwa kwenye mafaili ya majaribio. Maktaba hiyo kwenye distro kadhaa huvutwa hadi kwenye SSH kupitia systemd, programu inayowasha huduma za mfumo. Yaani mlango wa kila seva tunayoingia kwa mbali.

MFUNGASHAJI: Na ilikuwa Februari, kabla ya distro kufunga milango. Unaona alivyochagua.

MSIMAMIZI: Alichagua msimu! Fedora 40 iko njiani kutoka Aprili, Ubuntu 24.04 ya muda mrefu nayo Aprili. Mwishoni mwa Machi watu wakaanza kuwaandikia Debian: chukueni 5.6.1, inarekebisha kasoro. Jia Tan mwenyewe akawaandikia Ubuntu tarehe 28 Machi, siku chache kabla ya toleo la majaribio, waiwahi. Kwa Fedora aliwahi hata kusaidia kutafuta chanzo cha makosa yaliyokuwa yanatokea, na makosa hayo yalitokana na mlango wake mwenyewe. Tena wachambuzi wengi wanaamini alikuwa na haraka kwa sababu systemd walikuwa wanabadilisha namna ya kuita maktaba hizo, na njia yake ingezibika. Kwa hiyo yale mnayoyaita uratibu, yule mtu aliyaweza kuliko wengi wenu. Aliijua ratiba ya kila distro, akatoa toleo lake liwahi, akafuatilia kwa adabu hadi mlangoni.

MTUNZI: Akakamatwa.

MSIMAMIZI: Akakamatwa na nani? Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya kazi yake kwenye Debian isiyo thabiti, ile ya kujaribia vipya, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Akachimba. Tarehe 29 Machi akatangaza. Ubuntu wakasogeza toleo la majaribio kwa wiki moja, wakaunda upya vifurushi vyao, na tarehe 25 Aprili wakatoa kama walivyopanga. Matoleo thabiti ya Debian, Ubuntu na Red Hat hayakuguswa. Hayakuguswa kwa sababu gani? Kwa sababu maktaba ya Februari ilikuwa bado haijafika huko. Pengo ndilo lililoniokoa, na pengo hilo ndilo mnalotaka kulifupisha.

MFUNGASHAJI: Mimi sitaki kulifupisha. Nataka lijulikane. Wiki tano si pengo la kuingizia maktaba kwenye toleo la kuhudumiwa miaka 5, hata mtunzi angekuwa malaika. Tatizo la mwaka ule lilikuwa ni kwamba tarehe ya kufunga iligeuzwa sababu ya kuharakisha. "Iwahi kabla ya kufunga." Mimi mwenyewe nimewahi kuyasema maneno hayo mara ngapi sijui.

MTUNZI: Na sisi tunaambiwa maneno hayohayo. Mtu wa distro ananipigia Februari: kaka, utatoa lini, nina hadi tarehe 15. Natoa kitu nusu mbichi kwa sababu nisipotoa, watu watakaa na cha zamani miaka 2.

Nadhani mzee yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, na dada amemsaidia kufika. Tarehe ya kufunga ni nzuri ikitumika kukataa. Ikitumika kukubali, yaani kikiwahi kimeingia, inakuwa kishawishi kwa mtunzi mchovu na zawadi kwa mwenye nia mbaya. Kinachofaa kupangwa si siku ya kutoa bali umbali: maktaba itoke miezi kadhaa kabla ya mlango kufungwa, ipite kwanza kwa wale wanaopenda kuunguza vidole, akina Fedora na Debian isiyo thabiti, ambako kuna watu wa kushangaa nusu sekunde. Python wameupata umbali huo. GNOME, kwa mwezi wao mmoja, wanaupata kwa vitu vidogo na kuukosa kwa vikubwa. Upande wa pili wa umbali, ule wa mwisho wa huduma, karibu hakuna aliyeupata, na huko ndiko wale watatu walikorudi.

MTUNZI: Basi tuangalie mbele. OpenSSL sasa wanateua toleo la muda mrefu kila miaka 2, linalelewa miaka 5. 3.5 ni la Aprili 2025, hadi Aprili 2030. Kwa hesabu hiyo linalofuata ni Aprili 2027. Ubuntu za muda mrefu ni Aprili ya miaka ya shufwa. Mwaka mzima wa kuiva katikati! Mnataka nini tena?

MFUNGASHAJI: Kwa Ubuntu sawa. Sisi je? Debian 12 ilitoka Juni 2023, 13 Agosti 2025. Tukienda hivyo, 14 ni 2027. Tukifunga Machi kama safari iliyopita, toleo hilo jipya litafika mlangoni ufunguo umeshageuzwa. Likiwa limebadilisha namba ya faili, halipiti. Tutabaki na 3.5 inayoachwa 2030, na sisi tunahudumia hadi 2032.

MSIMAMIZI: Na Ubuntu ya 2026 ikiwa na 3.5, itakuwa na mwaka mmoja wa yatima, kwa sababu yenyewe ni hadi 2031. Hiyo ndiyo kalenda iliyonyooka mnayoisifu.

MTUNZI: Dada, hakuna kalenda itakayowatosha wote.

MSIMAMIZI: Sijaomba iwatoshe wote. Naomba siku mnapotoa toleo mniandikie palepale: maktaba hii kuanzia mwezi fulani watunzi wake hawapo, na atakayeshona viraka ni fulani, au hayupo. Nitajua nipandishe lini, na yule wa risiti nimbane mapema.

MTUNZI: Iandikwe kwenye tangazo letu au lao?

MFUNGASHAJI: Letu. Siku hiyo nyinyi mtakuwa mmeshaondoka.